Kuwatumikia wanafunzi wa vyuo ukiwa Morotonga

Kijana wa Morotonga akipata nafasi chuo kikuu, hufunga mizigo. SAUT iko Mwanza, UDOM iko Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko kule pwani. Hapa Mugumu tuna Chuo cha Sayansi za Afya Kisare, chenye jina la Zedekia Kisare, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kanisa la Mennonite Tanzania, na Tarime kuna chuo cha ualimu. Lakini shahada wengi huifuata mbali. Kwa hiyo mtu wa huku anayesikia wito wa kuwatumikia wanafunzi hudhani lazima ahame. Si lazima. Sehemu kubwa ya kazi iko nyumbani, katika miezi ambayo kijana hajaondoka na katika likizo anaporudi, na hiyo ndiyo sehemu ambayo makanisa yetu huiacha wazi.

Kidato cha sita hufanya mtihani mwezi Mei, matokeo hutoka karibu na Julai, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati wengine huitwa JKT, na maombi ya chuo na ya mkopo hufanyika mtandaoni kipindi hicho hicho. Hapo ndipo utume unapoanzia, tena kwa karatasi. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, taarifa za mdhamini, saini ya serikali ya mtaa au kijiji, na muhuri wa wakili au hakimu. Mtoto wa mfugaji anaweza kukwama kwa sababu majina hayafanani: cheti cha kuzaliwa kinasema Chacha Marwa, cha kidato cha nne kinasema Marwa Chacha. Kasoro ya namna hiyo hurekebishika kwa wakili ikigunduliwa mapema. Ikigunduliwa siku mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa, mwaka umepotea. Kaa naye steshenari mpaka fomu iende. Tafadhali usiione kazi hiyo kuwa ya pembeni. Kijana atakumbuka ni nani alikuwa naye siku ile, na utakapomwuliza habari za imani yake atakusikiliza.

Kabla hajapanda basi, mwunganishe na ushirika wa wanafunzi kule aendako. TAFES hukusanya wanafunzi wa kiinjili wa madhehebu mbalimbali, nayo imo katika IFES, umoja wa dunia ulioanzishwa mwaka 1947. Wenzao wa Kenya ni FOCUS. USCF iko chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, CASFETA ni ya Wapentekoste, TMCS ni ya Wakatoliki, na Waadventista wana TUCASA. Usimwambie tu kwamba ziko. Mtafutie mtu mmoja mwenye jina na simu, aliyekubali mwenyewe namba yake itolewe, atakayempokea stendi au kumfuata hosteli wiki ya kwanza. Wiki hiyo mgeni hutafuta rafiki wa kula naye, na yeyote atakayetangulia kumkaribisha ndiye atakayemzoea.

Ukiitwa kuhudumu chuoni kwenyewe, jua kwamba chuo si uwanja wa mkutano wa injili. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu na wa kueneza dini, lakini chuo kina utaratibu wake: ushirika wenyewe ndio unaokualika, na ruhusa hupitia ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Usigonge milango ya hosteli. Usikejeli dini ya Mwislamu anayelala kitanda cha juu, wala usivue samaki kwenye ndoo ya dhehebu jingine. Viongozi ni wanafunzi. Wewe ni mlezi. Mlezi anayeshika kipaza sauti kila Jumapili huacha ushirika unaokufa siku anapohamishwa.

Maisha yenyewe ya mwanafunzi yanazunguka bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu), sapu (mtihani wa marudio) na hofu ya kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli). Bumu likichelewa, utaona kijana ameacha kuja kwenye ibada. Wengi husema amerudi nyuma kiroho. Mara nyingi hana nauli kutoka geto, yaani chumba alichopanga, au anaona aibu chombo cha sadaka kikipita mbele yake. Atakusalimu, "Shikamoo mtumishi," nawe baada ya marahaba mwulize kwanza kama amekula. Sufuria moja ya ugali na dagaa kila Jumatano nyumbani kwa mlezi hufanya kazi ambayo semina haifanyi. Na nasema hili kwa uzito: usimfundishe mwanafunzi kutoa bumu lake kama mbegu. Fedha ile ni deni. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa mpaka deni liishe. Vivyo hivyo, mikesha na mifungo mirefu isimamishwe mitihani inapokaribia. Muuguzi mwanafunzi aliyetoka zamu ya usiku wodini anahitaji usingizi kuliko maombi ya alfajiri, na mchungaji wake ndiye wa kumwambia hivyo.

Desemba ina mambo yake huku kwetu. Ndio mwezi wa likizo, na katika miaka ya tohara ndio mwezi wa ngoma. Binti aliyeko chuo hurudi akakuta mdogo wake ametajwa kwenye orodha ya kukeketwa, au yeye mwenyewe anasimangwa na shangazi zake. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998. Fahamu mapema Dawati la Jinsia na Watoto liko wapi kituoni, na nani wa kumpigia simu katika nyumba salama ya Mugumu, kwa kuwa usiku wa tukio si wakati wa kuanza kuuliza. Mahojiano na mabinti yafanyike mahali pa wazi, mwanamke mtu mzima akiwepo.

Kuhusu riziki yako: watumishi wengi wa vyuoni huishi kwa wachangiaji waliowatafuta wenyewe, kila mmoja akituma kidogo kwa simu kila mwezi. Anza na kanisa lako, upate barua ya kukutuma, kisha fungua daftari la mapato na matumizi ambalo mhasibu wa usharika anaweza kulikagua. Mgeni kutoka nje ya nchi aombe kibali cha ukaazi daraja C kupitia kanisa lililosajiliwa. Kuhudumu kwa viza ya utalii kunawaingiza matatani hata wenyeji wake. Majina na simu za wanafunzi ni siri yao, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 dini ya mtu ni taarifa nyeti. Orodha ya ushirika isirushwe kwenye makundi ya WhatsApp, hata kama ni kwa ajili ya kuombewa.