Kabla Maiti Haijaoshwa: Mafunzo Niliyopata Nikisoma Sheria na Sayansi Jinai

Kwetu Lusangi, teritwari ya Kabambare, mtu akisema anasoma sheria hakuna anayeshangaa. Atakuwa avoka, ama hakimu, ama atapata kazi parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Lakini ukiongeza kwamba ndani ya sheria umejikita kwenye sayansi jinai, yaani kuihoji damu, mifupa, sumu na karatasi, maswali huanza. Mjomba wangu aliniuliza kama ndiyo ile ya kwenye filamu, watu wenye glavu na taa za buluu. Nikamwambia ndiyo, mjomba, ila sisi taa hatuna. Akacheka, kisha akauliza: sasa mnatumia nini? Yafuatayo ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

1. Sheria huuliza swali, daktari hujibu

Wengi wetu tuliingia kozi ya tiba ya mahakama tukidhani daktari ndiye anayesema nani ana hatia. Kumbe daktari anaandika alichokiona tu: mchubuko wa sentimita ngapi, sehemu gani ya mwili, rangi gani, siku gani na saa ngapi. Kama ni kosa la jinai au la, hilo ni la hakimu.

Nchini kwetu, Kongo, zipo sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono. Moja ilipanua makosa yenyewe na kumhesabu mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Ya pili ilibadili utaratibu: mwendesha mashtaka au hakimu amwite daktari na mwanasaikolojia bila kungoja kuombwa, na kesi ihukumiwe ndani ya miezi mitatu. Mlango wa yote haya ni karatasi ya rekizisyo, yaani barua rasmi inayomtaka daktari achunguze. Nimewahi kuona rekizisyo imeandikwa "mpime huyu", basi. Ampime nini, malaria? Ripoti ikijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, avoka wa upande wa pili huinyanyua kwa vidole viwili na kuitupa nje ya faili.

Swali gumu kuliko yote huku ni umri. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, lakini mama wa kijiji cha ndani, mwenye shamba na watoto wengine mgongoni, hatafunga safari ya siku nzima kwa ajili ya karatasi. Hivyo faili linaandikwa "umri unakadiriwa miaka 16", na mshtakiwa anasema aliambiwa 19. Wanafunzi huwa wanakimbilia eksirei ya kifundo cha mkono. Hapo ndipo kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye inapofaa kusomwa kwa makini. Alishtakiwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani huko Ituri watoto walio chini ya miaka 15. Wataalamu walileta picha za mifupa, lakini mifupa haitoi tarehe. Inatoa kadirio lenye upana wa miaka, na picha za kulinganishia zilitoka kwa watoto wa Marekani wa zamani sana, walioshiba kuliko wa Bunia. Katika hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 majaji waliegemea zaidi video ambazo watoto walionekana wazi kuwa wadogo mno.

Tangu hapo, kabla ya kuomba eksirei, naomba kadi ya chanjo, cheti cha ubatizo na daftari la shule ya msingi. Vikikosekana, namuuliza mama: alizaliwa kabla au baada ya kura ya 2011? Mama hajui tarehe, lakini anakumbuka vizuri alikuwa na mimba ya nani siku ile alipopanga mstari.

2. Aliyekutwa na mzigo si lazima ndiye aliyeua

Mfano wangu wa siku zote hautoki mbali. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa na pembe kutoka Zanzibar, na baadaye ya mwanawe Sefu. Aprili 1893 askari wa Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, walipouteka mji walikuta humo mizigo ya Emin Pasha, yule daktari Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Ekwatoria huko Sudan, pamoja na maandishi yake. Emin alikuwa ameuawa Oktoba 1892 huko Kinena, mbali kaskazini. Mpelelezi mvivu angefunga faili hapo hapo: mali ya marehemu iko kwa Sefu, basi Sefu ndiye. Lakini mali husafiri. Inaporwa, inatumwa zawadi, inauzwa, inalipa deni. Kukutwa nayo kunaonyesha njia iliyopita tu. Ukifuata njia hiyo kurudi nyuma unafika kwa Kibonge, mkuu mwingine wa Kiarabu, ambaye ndiye aliyetoa amri.

Mwaka 1894 Mmarekani mmoja, Richard Dorsey Mohun, aliandika maungamo ya watu wawili, Ismailia na Mamba, waliosema walihusika na kifo kile. Wakanyongwa. Mimi maungamo yale siyakatai, lakini siyamezi mazima. Waliokuwa wakiuliza ndio walioshinda vita, na waliokuwa wakijibu walikuwa wamefungwa. Hata pasipo vita mtu huweza kukiri asilolitenda: mwaka 1986 karibu na Leicester, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikiri kosa la mauaji mbele ya polisi. Mwanasayansi Alec Jeffreys akapima vinasaba na kuonyesha kwamba siye. Watu husahau kwamba kazi ya kwanza ya DNA katika kesi ya mauaji ilikuwa kumtoa mtu gerezani. Kumwingiza mwenye hatia kulifuata baadaye. Huku kwetu, ambako faili nyingi zina PV (hati ya mahojiano) ya maungamo na hakuna kingine, habari hiyo ningeibandika kwenye ukuta wa kila ofisi ya OPJ, afisa wa polisi mpelelezi.

3. Kitabu cha Ulaya kina baridi ya Ulaya

Hili ni fupi. Vitabu vinasema mwili hupoa kama digrii moja kwa saa. Ulioandikiwa hesabu hiyo ni mwili uliolala kwenye chumba cha Brussels. Maiti iliyokutwa mchana wa jua chini ya bati, kiangazi, inaweza isipoe kabisa kwa saa nyingi. Ukipiga hesabu ya kitabu utasema amekufa asubuhi, kumbe amekufa jana usiku. Na ukishakosea saa, umempa mtu alibi asiyostahili au umemnyang'anya mwingine aliyokuwa nayo.

4. Mwosha maiti ni shahidi

Sehemu za Kasongo na Kabambare zina Waislamu wengi tangu enzi zile za Waungwana, wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka pwani, na Mwislamu huzikwa upesi. Akifa usiku, adhuhuri yuko kaburini. Hata Wakristo wetu hawakawii, maana nyumba ya baridi ya kuwekea maiti haipo. Wenzangu wa mjini waliliita jambo hili kikwazo: maiti imeoshwa, imevishwa sanda, imezikwa, ushahidi umekwisha. Nilipoanza kwenda na avoka niliyekuwa najifunza kwake, niliona mambo tofauti.

Bibi mmoja aliyezoea kuwaosha wanawake alielezwa na familia kwamba marehemu amekutwa amelala kifudifudi karibu na mto. Alipokuwa akimwosha aligeuza mwili, akaona mgongo wote na nyuma ya mapaja umekuwa na rangi ya zambarau, isipokuwa mahali pawili peupe, mabegani na makalioni. Hakumwambia mtu, kwa sababu anayeosha hasemi aliyoyaona. Nilipomuuliza kwa heshima, "Bibi, nisamehe, sikuulizi siri ya marehemu, naomba unionyeshe kwenye mwili wangu rangi ilikuwa wapi," alinionyesha kwa kiganja, bila kusita.

Moyo ukisimama, damu huteremka upande ulio chini. Kati ya saa 8 na 12 hivi tangu kufa, rangi ile hutulia na haihami tena hata mwili ukigeuzwa. Sehemu zilizogandamizwa na ardhi hubaki nyeupe. Kwa hiyo yule marehemu alikaa chali muda mrefu kabla hajakutwa kifudifudi. Kuna mtu aliyemgeuza, au aliyemleta pale. Bibi hakujua jina la jambo hilo kitaalamu, lakini aliliona vizuri kuliko afisa aliyefika baada ya mazishi.

Sheria inaruhusu kufukua kwa amri ya mwendesha mashtaka au mahakama. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, walifukua miili zaidi ya 400 ya waumini wa dhehebu moja, na daktari wa serikali Johansen Oduor na timu yake wakawa wanatangaza siku baada ya siku waliokufa njaa na walionyongwa. Hapo hapakuwa na namna nyingine. Kijijini kwetu, kufukua ni ugomvi wa vizazi viwili. Mimi humwanzia mwosha maiti, kwa faragha, mwanamke akiulizwa na mwanamke inapowezekana, na maneno yake yaandikwe kabla ya arobaini. Baada ya arobaini kila mtu anakumbuka alichoambiwa akikumbuke.

5. Sumu ya midomo

Mtu akifa ghafla huku, saa hiyo hiyo utasikia: amelishwa. Mbele ya sheria, sumu ni kitu cha kupimika. Ibara ya 49 ya kanuni ya adhabu ya mwaka 1940 inayaita mauaji kwa sumu kuwa ni kuua kwa kitu kinachoweza kuleta kifo, upesi ama polepole. Kitu. Kiwepo, kitajwe, kipimwe. Tangu James Marsh alipobuni kipimo chake cha arseniki mwaka 1836, mahakama zimezoea kuuliza: kiko wapi?

Kwetu hakuna wa kukipima. Hapo ndipo jambo la hatari linapoingia, maana pasipo na maabara uvumi hukalia kiti chake. Mjane anafukuzwa, nyumba inachomwa, mzee analazimishwa kunywa kitu ili "ijulikane". Kanuni hiyo hiyo ya adhabu inawaadhibu wanaomtesa mtu kwa kipimo cha ushirikina, na ajabu ni kwamba OPJ wengi wanaufungulia faili uchawi, ambao haumo kwenye kanuni, na kuliacha kosa ambalo limo.

Mimi huanzia jikoni. Walikula nini, nani mwingine alikula, mihogo ililowekwa siku ngapi? Mihogo michungu iliyolowekwa haraka wakati wa njaa inaacha sayanidi ya kutosha kumlaza mtoto chini, na hakuna mbaya wake. Je, kuna dawa ya panya au ya shamba ndani ya chupa ya soda? Maswali haya hayamtambui muuaji, lakini mara nyingi yanamwokoa jirani hadi asubuhi.

6. Bahasha, na kuvuka Alunguli

Pamba yenye damu ikiwekwa kwenye mfuko wa plastiki inaoza kabla ya kufika Kasongo. Iachwe ikauke kivulini, iingie kwenye bahasha ya karatasi, ifungwe, isainiwe juu ya mfungo. Kisha kila mkono unaoipokea uandike jina na saa: muuguzi wa Lusangi, dereva wa pikipiki, mtu wa Kasongo, yule wa Alunguli anayevuka nayo Lualaba kwenda Kindu. Jina moja likikosekana, wakili mzuri hana haja ya kubishana na sayansi.

Na usiidharau bahasha kwa sababu hakuna mashine ya kuisoma leo. Kavumu, Kivu Kusini, wasichana wadogo zaidi ya 40 walichukuliwa usiku vitandani mwao tangu mwaka 2013, na kwa muda mrefu kila mtoto alikuwa faili lake, kama bahati mbaya ya nyumba moja. Mafaili hayo yalipowekwa pamoja, yaliyoandikwa na madaktari na wazazi yakaonyesha mwendo ule ule, nyumba baada ya nyumba. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, iliyokwenda kukaa Kavumu kwenyewe, iliwahukumu wanamgambo 11, akiwemo mbunge wa jimbo Frederic Batumike, kwa uhalifu dhidi ya binadamu.

7. Cha kununua

Wadogo zangu wanaoanza fakulte huniuliza wanunue nini, wakitaraji nitaje kompyuta. Nunua kanuni ya adhabu, kanuni ya utaratibu wa jinai, daftari lenye kurasa zilizoshonwa, ili ukichana ukurasa ionekane, na rula. Picha ya jeraha iliyopigwa kwa simu bila rula pembeni haimwambii hakimu ukubwa wa chochote. Chukua rula nyeupe ya plastiki, ile ya wanafunzi, maana ya kung'aa inarudisha mwanga wa simu na namba zinapotea.