Bustani ya Kando ya Mto: Funzo la Mbezi na Jangwani

Mto Mbezi ni mmojawapo wa mito midogo ya Dar es Salaam inayomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Wakati wa kiangazi maji yake hupungua mno, hata mtu aweza kudhani kwamba bonde ni ardhi tupu ingojayo kujengwa. Shabaha ya makala haya ni kueleza kwa nini dhana hiyo ni ya hatari, na kwa nini bustani ndiyo matumizi yaufaayo ukingo wa mto.

Hesabu ya maji

Tuchukue hekta moja, yaani mita za mraba 10,000. Ikinyesha mvua ya milimita 100, hekta hiyo hupokea mita za ujazo 1,000 za maji. Penye miti na nyasi, sehemu ya maji hayo huzama ardhini. Penye mabati na saruji, karibu yote hukimbilia mtoni kwa mara moja. Kwa hiyo kadiri vitongoji kama Mbezi Luis vinavyojengwa, ndivyo mto uleule unavyobebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Uchimbaji wa mchanga nao hudhoofisha kingo, zikaporomoka.

Historia ya Jangwani

Hatari hiyo imekwisha kuonekana katika jiji hilohilo, kwenye Mto Msimbazi. Jangwani, katika bonde la chini la mto huo, palijulikana kwa viwanja vya michezo na mikutano ya hadhara. Kiwanja kikifurika, maji yakishuka hutumika tena. Nyumba ikifurika, uhai na mali hupotea. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za kuliendeleza bonde la Msimbazi, na mpango wake una bustani ya jiji. Ni dhahiri kwamba kulinda uwazi ni rahisi kuliko kuurudisha.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukanda huo, ukipandwa miti na nyasi, ndio bustani yenyewe.

Zoezi

1. Paa la darasa lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8. Mvua ya milimita 50 italipatia lita ngapi?
2. Pimeni mita 60 kutoka ukingo wa mto ulio karibu nanyi. Orodhesheni yote mtakayoyakuta humo.