Watoto Wako Nyumbani: Nyakati Nne za Mzazi

Andiko kuu: Kumbukumbu la Torati 6:4-9
Soma pia: 1 Samweli 2:12, 3:1-13, Marko 10:13-16

Shule zimefungwa, na kila mzazi anajua maana yake. Mkate uliokuwa unatosha siku mbili sasa haufiki saa nne asubuhi. Sukari inaisha na hakuna aliyeila. Sebule imekuwa uwanja wa mpira, na kila dakika tano kuna kesi ya kuamua: nani alianza kumpiga mwenzake? Tunawapenda watoto wetu, lakini tuseme ukweli: wengi wetu tumeshaanza kuhesabu siku zilizobaki shule zifunguliwe.

Mimi niliingia likizo hii ya Agosti na mpango. Nilisomea biashara chuoni, na sikuweza kuona wiki tatu mbele yangu bila kuchora jedwali. Niliandika ratiba nikaibandika mlango wa jikoni: saa moja kuamka na kuomba, saa mbili kusoma, saa nne kucheza nje, saa saba chakula, jioni katuni nusu saa. Dada anayetusaidia nyumbani alikuwa ameenda kwao kupumzika, na mama watoto anarudi kazini jioni. Kwa hivyo mchana nilibaki mimi, kijana wetu wa miaka 8, msichana wa miaka 5, na semina ya watoto ya kanisa ambayo nilikuwa naitayarisha.

Ratiba ilidumu siku mbili.

Siku ya tatu nilikuwa mezani, kalamu mkononi, simu sikioni. Kila mtoto alipokuja na "Baba, kuja uone," nilimjibu, "Ngoja kidogo, Baba anafanya kazi ya Mungu." Jioni mama watoto aliporudi, tuliwasikia kwenye korido wakicheza mchezo wa baba na mama. Kijana ndiye alikuwa baba, ameshika kipande cha sabuni sikioni kama simu. Msichana alikuwa amebeba mwanasesere mgongoni, akamwambia, "Baba, mtoto analia." Kijana akainua mkono bila hata kumwangalia: "Ngoja! Niko na mshirika. Hii ni kazi ya Mungu."

Mama watoto aliniangalia, akasema polepole, "Pasta, umejiona?"

Nilijaribu kucheka, nikashindwa.

1. Unaweza kulea wa wenzako ukapoteza wako

Usiku huo nilifungua 1 Samweli. Eli alikuwa kuhani. Samweli, mtoto wa Hana, alipoitwa usiku, ni Eli aliyetambua kwamba Bwana ndiye anayeita, na ni Eli aliyemfundisha mtoto jinsi ya kuitikia. Mwalimu mzuri kabisa! Lakini rudi nyuma kidogo, sura ya 2 mstari wa 12: wana wa Eli mwenyewe hawakumjua Bwana. Mtoto wa mwenzake alijifunza kuisikia sauti ya Mungu katika nyumba ile ile ambamo watoto wake waliikosa.

Mimi nilikuwa natayarisha semina ya watoto wa kanisa zima, huku nikiwafukuza wawili wa kwangu. Mbaya zaidi, nilikuwa nawafukuza kwa jina la Mungu. Ndugu yangu, mtoto akiambiwa "ngoja, ni kazi ya Mungu" kila siku, mwishowe ataamini kwamba Mungu ndiye aliyemnyang'anya babake. Wanafunzi wa Yesu walifanya kosa hilo hilo katika Marko 10. Walidhani wanamlinda Mwalimu asisumbuliwe. Yesu alichukizwa nao, kisha akawachukua wale watoto mikononi akawabariki.

2. Mungu hakuomba ratiba mpya

Sasa angalia Kumbukumbu la Torati 6:7. Musa anawaambia wazazi wawafundishe watoto neno la Mungu kwa bidii, na anataja nyakati nne: tukiwa tumeketi nyumbani, tukiwa njiani, tukienda kulala na tukiamka. Hakuna hata moja ambayo ni ya kutafutwa. Tayari tunakaa, tunatembea, tunalala na kuamka. Tulirarua ile ratiba yangu, tukaanza kutumia hizi nne.

Kuketi. Niliacha kuwatafutia watoto cha kuwanyamazisha, nikawapa kazi karibu nami. Msichana wa miaka 5 anaweza kuchagua mawe kwenye maharagwe na kukunja soksi. Kijana anaweza kuosha sahani na kuchambua sukuma wiki. Ni kweli, kazi inachukua muda mara mbili na maji yanamwagika. Lakini mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Siku ya maharagwe msichana aliniuliza kama Mungu huchoka. Hilo swali halingekuja mbele ya tivi.

Njia. Nilikuwa natuma mtu dukani au napanda boda ili niokoe muda. Sasa tunaenda kwa miguu. Siku moja tulimpita mwanamume amelala kando ya barabara, amelewa. Kijana akauliza, "Baba, huyo amekufa?" Wengine walikuwa wanacheka. Tulisimama, tukamsogeza kivulini, tukaendelea na safari tukiongea juu ya pombe, na kwa nini hatumcheki mtu ambaye Mungu anampenda. Nimehubiri rehema mara nyingi madhabahuni. Sidhani kama kijana wangu anakumbuka hata mahubiri moja, lakini kile kivuli amenitajia mara mbili.

Kulala. Hapa ndipo nilipoguswa zaidi. Watoto huficha mambo mchana na kuyasema taa ikizimwa. Usiku mmoja nilikaa kwenye kitanda cha kijana baada ya maombi, sikuharakisha kuondoka. Kukawa kimya. Kisha akaniambia kwamba kuna mtoto shuleni ambaye amekuwa akimnyang'anya mandazi yake wakati wa mapumziko, tangu muhula wa kwanza. Mimi ni mtu wa rekodi. Risiti zote za karo ninazo, naweza kukuambia tumelipa ngapi mpaka shilingi ya mwisho. Lakini sikujua kwamba mtoto wangu anashinda njaa. "Mbona hukuniambia?" Akajibu, "Ulisema ningoje."

Nilimwomba msamaha hapo hapo. Nilimwambia, si Mungu aliyekuwa anakufukuza, ni Baba. Shule zikifunguliwa, tutaenda kumwona mwalimu sisi wawili.

Kuamka. Nilizoea kuamka na kushika simu kwanza, kuona nani ameandika usiku. Sasa simu inabaki jikoni mpaka uji uive. Nawaombea watoto kwa majina, wakisikia, nimewawekea mkono kichwani. Haifiki dakika tano.

3. Piga hesabu

Chuoni tulifundishwa kwamba gharama ya kitu si pesa ulizolipa tu. Ni pamoja na kile ulichokikosa kwa kuchagua hicho. Kijana wangu ana miaka 8. Nikitoa Agosti hii, zimebaki tisa kabla hajafikisha miaka 18. Na akifika 13 au 14, sidhani ataniita tena nije nione gari alilotengeneza kwa mikebe. Semina ningeweza kugawana na walimu wa Shule ya Jumapili, na ndivyo nilivyofanya baadaye. Ubaba sina wa kugawana naye.

Najua kuna mama anayesoma hapa ambaye hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni, analea peke yake, na likizo kwake ni hofu ya watoto kushinda bila mtu. Mama, somo hili si la kukuongezea mzigo. Mungu alitaja nyakati nne, na kama biashara imechukua mbili, bado una mbili. Shika kulala, shika kuamka. Na sisi majirani na washirika, tuulize: watoto wake wanashinda wapi?

Sijafika, wapendwa. Jana tu nilisema "ngoja" mara tatu kabla ya chai. Lakini sasa nikisema, namwambia mtoto mpaka lini, na ule wakati ukifika naenda.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Watoto wako wakiigiza mchezo wa baba na mama leo, utajiona ukifanya nini?
2. Kati ya nyakati nne, ni upi unaopotea zaidi nyumbani kwako? Nini kinauchukua?
3. Kuna mtoto unayepaswa kumwomba msamaha juma hili?

Tuombe: Baba wa mbinguni, asante kwa watoto uliotukabidhi. Tusamehe tulipowafukuza tukitumia jina lako. Tufungue masikio tusikie wanayoyasema taa ikizimwa. Wakituona sisi, wasiogope kukuita wewe Baba. Katika jina la Yesu, amina.