ZEZE NA VITUO VYAKE

Wengi wetu hapa Karatu tumezoea gitaa. Shingo ya gitaa ina vyuma vidogo vilivyolala. Tuviite vituo, maana humwonyesha mpigaji pa kubana uzi. Zeze la upinde, kama lile la Wagogo wa Dodoma, halina vituo. Sikio ndilo linaloongoza kidole.

Je, tukiliwekea vituo? Tulijaribu. Kwanza tulifunga nyuzi kuzunguka shingo. Lakini wapi! Waya wa zeze umeinuka juu ya mti, kidole hakiubani mpaka chini. Basi tukachonga vijiti virefu zaidi, tukavigandisha kwa nta. Hapo sauti zikatoka sawasawa, hata kwa mwanafunzi wa siku moja.

Ila kidole hakitelezi tena. Ule mlio wa kuvuta, kama mtu anayelia, umekwisha. Sasa hilo ni zeze gani?

Kongo kuna zeze jingine, la fimbo na kibuyu, lenye vituo vya kuchongwa. Lakini hilo hupigwa kwa vidole, si kwa upinde. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alipiga zeze, ilimba na filimbi. Zeze lake la upinde halikuwa na vituo.

Vijiti vyetu tumevibandua. Tumeacha kimoja tu, kwa ajili ya wanaoanza.