SOMO LA AFYA: MATUMIZI SAHIHI YA JELI YA CHUNUSI ITOLEWAYO KWA CHETI CHA DAKTARI

Chunusi ni maradhi ya ngozi yanayowapata vijana walio wengi, wa kike na wa kiume, mara wanapobaleghe. Baadhi yao huendelea kuwa nayo hata baada ya kupindukia umri wa miaka 30. Kwa kuwa maradhi haya hayaui, wazee wengi huyapuuza. Hata hivyo, madoa na makovu yanayobakia usoni humfanya kijana aone haya kukaa mbele ya wenzake skulini, na mtumishi aone taabu kuwahudumia watu kazini. Somo hili linaeleza namna jeli ya chunusi inavyofanya kazi, jinsi ya kuitumia, na sababu inayowafanya wagonjwa wengi waiache kabla haijawafaa.

Mfano wa somo umechukuliwa Magomeni, Dar es Salaam. Wananchi wa Unguja na Pemba wanaokwenda huko kwa kazi, masomo na biashara hufikia kwa jamaa zao katika mitaa kama hiyo. Anayekaa Magomeni ana njia mbili za kutafuta dawa. Njia ya kwanza ni kwenda zahanati au kituo cha afya, na ikibidi kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala au Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Njia ya pili ni kushika Barabara ya Morogoro, kulivuka bonde la Jangwani na kuingia Kariakoo, ambako mafuta ya kujipaka ya kila namna hupatikana madukani na juu ya meza za barabarani, bila ya mnunuzi kuulizwa cheti. Njia hii ya pili ni nyepesi, lakini ndiyo inayowatia watu katika madhara.

CHANZO CHA CHUNUSI

Ngozi ya uso, kifua na mgongo ina tezi nyingi ndogo zinazotoa mafuta kupitia matundu ya vinyweleo. Mtu anapobaleghe, homoni za mwili huzichochea tezi hizo kutoa mafuta mengi zaidi. Wakati huo huo, chembe za ngozi zilizokufa hugandana na kuyaziba matundu badala ya kupukutika. Mafuta hukwama ndani, na vijidudu ambavyo kwa kawaida huishi juu ya ngozi ya kila mtu huzaliana humo. Mwili hupambana navyo, na hapo hutokea uvimbe, maumivu na usaha.

Weusi unaoonekana juu ya baadhi ya chunusi si uchafu. Ni rangi ya ngozi na mafuta yaliyokutana na hewa. Kwa hivyo, kuusugua uso kwa dodoki au kuuosha mara nyingi kwa sabuni kali hakuondoi maradhi, bali huichubua ngozi. Hali kadhalika, kutumbua chunusi husukuma usaha ndani zaidi na kuongeza makovu. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, kila chunusi iliyovimba inaweza kuacha doa jeusi linalodumu kwa miezi mingi.

JELI NA KAZI YAKE

Miongoni mwa dawa ambazo daktari huandika kwa maradhi haya ni jeli ya adapalini ya asilimia 0.1. Dawa hii ni ya jamii ya retinoidi, yaani dawa zenye nasaba na vitamini A. Mkubwa wake katika jamii hiyo, tretinoini, iliidhinishwa kwa tiba ya chunusi nchini Marekani mwaka 1971, na adapalini ikafuata mwaka 1996. Kazi yake ni kuzuia chembe za ngozi zisigandane na kuziba matundu. Kwa maneno mengine, jeli huzuia chunusi mpya zisizaliwe. Haikusudiwi kukausha chunusi iliyokwishatoka kwa usiku mmoja.

Daktari anaweza kuongeza benzoili peroksaidi, ambayo huua vijidudu, au klindamisini, ambayo ni antibiotiki ya kupaka. Klindamisini haifai kutumiwa peke yake kwa muda mrefu, kwani vijidudu huizoea na dawa ikakosa nguvu. Ndiyo maana huandikwa pamoja na benzoili peroksaidi. Inafaa ifahamike pia kuwa benzoili peroksaidi hutoa rangi katika nguo. Kanga, mtandio au foronya iliyogusana nayo hubaki na mabaka yasiyotoka.

NAMNA YA KUTUMIA

1. Mgonjwa aoshe uso kwa maji na sabuni laini wakati wa usiku, aukaushe kwa kuugusagusa kwa kitambaa, kisha angoje mpaka ngozi ikauke kabisa.

2. Achukue jeli kiasi cha punje moja ya mbaazi, na aieneze kwa wepesi juu ya sehemu yote inayotoka chunusi. Kupaka juu ya kila chunusi moja moja ni kosa, kwa sababu dawa inakusudiwa kuzuia zile ambazo bado hazijaonekana.

3. Asipake karibu na macho, midomo, ndani ya pua wala juu ya kidonda.

4. Apake mara moja tu kwa siku. Kuongeza kiasi hakuharakishi kupona, bali huongeza mwasho. Ngozi ikikereka, apake usiku mmoja na kuacha mmoja mpaka izoee, na atumie mafuta mepesi yasiyoziba matundu.

5. Mchana ajikinge na jua, kwani dawa huifanya ngozi iungue kwa wepesi zaidi.

6. Asiiweke dawa mahali penye joto kali, na aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kuinunua.

MWEZI WA KWANZA NDIO MTIHANI

Katika wiki za mwanzo, uso wa mgonjwa huweza kuwasha, kukauka na kubanduka ngozi, na chunusi huweza kuonekana zimezidi. Nafuu ya wazi huonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Jambo hili lisipoelezwa mapema, mgonjwa hudhani kuwa dawa inamuunguza.

Chukuliwa mfano wa kijana wa miaka 17 anayekaa Magomeni. Amepewa jeli, na katika wiki ya tatu uso wake unabanduka. Shangazi yake anamhurumia, na jirani anamwambia kuwa Kariakoo kuna krimu inayosafisha uso kwa siku chache. Kijana anainunua, na kwa kweli katika wiki moja uvimbe unashuka, ngozi inalainika na rangi inang'aa. Nyumba nzima inaamini kuwa daktari alikosea. Baada ya miezi michache chunusi zinarudi kwa wingi kuliko mwanzo, ngozi imekuwa nyembamba, na kila anapojaribu kuiacha krimu uso unawaka moto.

Sababu ni kuwa krimu nyingi za namna hiyo huwa na steroidi kali, kama vile klobetasoli au betamethasoni. Steroidi hutuliza uvimbe kwa haraka, lakini haizibui matundu, na ikitumiwa usoni kwa muda huzalisha chunusi zake yenyewe. Basi hapa ndipo penye mtego. Dawa iliyo sahihi huonekana mbaya mwanzoni, na ile yenye madhara huonekana nzuri. Asiyejua hilo atachagua kwa macho, na macho yatamdanganya. Wahenga walisema subira yavuta heri, na katika tiba hii subira ni sehemu ya dawa.

Baadhi ya mafuta ya kujichubua, pamoja na michanganyiko ijulikanayo kwa jina la mkorogo, huwa pia na zebaki au hidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo. Hidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuifanya ngozi iwe na weusi wa kibuluu ambao ni vigumu mno kuuondoa.

USIMAMIZI WA SERIKALI

Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, iliyounda Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mwaka 2019 Mamlaka hiyo ilibadilishwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na usimamizi wa vipodozi ukahamishiwa Shirika la Viwango. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2006, na Wakala wa Chakula na Dawa ndio wenye dhamana. Aidha, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unahusu pia vipodozi vilivyotiwa zebaki. Hata hivyo, sheria pekee haiwezi kuulinda uso wa mtu anayenunua krimu isiyo na maandishi ya viambato wala jina la mtengenezaji.

TAHADHARI KWA AKINA MAMA

Mama mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, asitumie jeli za jamii ya retinoidi. Amweleze daktari hali yake, naye atampa dawa nyengine inayofaa. Tahadhari ni kubwa zaidi kwa vidonge vya isotretinoini, vinavyotumika kwa chunusi sugu, kwa sababu husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hivyo si halali ya ndugu kuazimana dawa hizi, hata kama maradhi yao yanafanana.

Mgonjwa arudi kwa daktari iwapo chunusi ni kubwa na zenye maumivu, zinaacha makovu, au hazikupungua baada ya miezi mitatu ya matumizi sahihi. Wataalamu wa ngozi wapo. Tangu mwaka 1992 Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, kilichopo KCMC Moshi, kimekuwa kikiwafundisha watumishi wa afya kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini jeli hupakwa sehemu yote, na si juu ya chunusi peke yake?
2. Mgonjwa angoje wiki ngapi kabla ya kusema kuwa dawa haikumfaa?
3. Kwa nini krimu ya steroidi huonekana kuponya kwa haraka?
4. Nani hapaswi kutumia retinoidi?

Walimu, wakuu wa kazi na wazee wanaombwa kuwasomea vijana somo hili. Mwananchi anayekwenda Dar es Salaam na kuagizwa na jamaa zake mafuta ya uso, ni vyema aulize kwanza cheti kiko wapi, na dawa ainunue katika duka la dawa lililosajiliwa.