SOMO: Tindikali hufanya nini ndani ya maji?

Ndugu wafanyakazi, kwenye mashamba ya mpira tunatia tindikali ya fomiki ili utomvu ugande. Kwa nini huganda? Molekuli ya tindikali ikiingia majini huyapa maji protoni, yaani kiini cha haidrojeni kilichoacha elektroni yake. Chembe za mpira zina chaji hasi, ndiyo maana hukimbiana; protoni huiondoa chaji hiyo, nazo hushikana.

Fomiki huitwa dhaifu kwa kuwa ni molekuli chache tu zinazotoa protoni. Ya salfa, itumiwayo katika betri, karibu kila molekuli hutoa. Lakini neno “dhaifu” lisitudanganye: fomiki kali ya dumuni huunguza ngozi na huweza kupofusha. Tudai miwani na glavu. Na siku zote tindikali imiminwe katika maji, polepole. Ukimimina maji katika salfa kali, huchemka ghafla na kukurukia usoni.