Somo la 9: Rafiki Anayeishi Karibu na Mkuki

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Sam. 18:5–16, 1 Sam. 19:1–18, 1 Sam. 20:1–42, 1 Sam. 22:6–19, 1 Sam. 23:14–18, 1 Sam. 24:8–22, Mit. 18:13, Mit. 22:3.

Fungu la Kukariri: 1 Samweli 20:4. (Kila mwanafunzi alikariri kutoka katika Biblia yake.)

Fikiria hali hii. Dada mmoja, mwimbaji wa kwaya, hajaonekana mazoezini kwa majuma matatu. Sabato anayorudi amevaa mikono mirefu wakati wa jua kali. Ibada ikiisha anaondoka haraka, kwa kuwa mumewe huhesabu dakika. Rafiki yake, ambaye ni shemasi katika kanisa hilohilo, anamshika mkono langoni, naye anajikunja kwa maumivu. "Niliteleza bafuni," anasema. Shemasi anajua kwamba hakuteleza. Lakini amwambie nini? Amwambie avumilie? Amwambie aondoke leo hii? Amweleze mchungaji? Au anyamaze, kwa kuwa mambo ya ndoa ni ya watu wawili?

Biblia ina kisa kirefu cha mtu aliyependwa, akaonewa wivu, akawindwa na yule aliyekula naye meza moja. Mtu huyo ni Daudi, na aliyemwinda ni Sauli. Hawakuwa mume na mke, lakini mwenendo wa Sauli unafanana na ule unaoonekana leo katika nyumba nyingi. Katikati ya kisa hicho yupo rafiki, Yonathani. Juma hili tutajifunza kwake.

*Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI: Nyumba Yenye Mkuki

Soma 1 Samweli 16:21 na 1 Samweli 18:5–16. Sauli alianzaje kuhusiana na Daudi, na ni nini kilichobadilika?

Uhusiano huu haukuanza kwa ubaya. Sauli alimpenda Daudi sana. Kisha wanawake wakaimba, Sauli akasikia sifa za Daudi zikizidi zake, na tangu siku ile akawa akimwonea wivu. Siku iliyofuata Daudi alikuwa akipiga kinubi ili kumtuliza mfalme, na mkuki ukarushwa. Daudi alikwepa mara mbili.

Angalia kwamba mkuki ulirushwa wakati Daudi alipokuwa akitumika. Hakuwa amekosa neno. Watu wengi wanaoumizwa nyumbani hujiuliza, "Nilikosea wapi?" Daudi naye aliuliza hivyo hivyo baadaye (1 Sam. 20:1). Wengine hujitahidi kupika vizuri zaidi, kunyamaza zaidi, kurudi mapema zaidi, wakidhani kwamba wakijirekebisha mkuki utakoma. Haukukoma kwa Daudi, kwa maana chanzo chake hakikuwa Daudi.

Leo mkuki una sura nyingi. Kuna kipigo. Kuna matusi ya kila siku mbele ya watoto. Kuna kunyang'anywa simu na namba ya siri ya pesa za simu, kukatazwa kwenda kwa ndugu, kutishiwa kuuawa. Wapo wanaume wanaoumizwa pia, nao huona aibu kusema. Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yake ya mwaka 2021, lilionesha kuwa takriban mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono katika maisha yake. Darasa la Shule ya Sabato lenye akina dada kadhaa lisidhani kwamba jambo hili liko mbali nalo.

Ni dalili gani zinazoweza kukuonesha kwamba rafiki yako anaishi karibu na mkuki, ingawa hajasema neno?

JUMATATU: Kiapo Kilichovunjwa

Soma 1 Samweli 19:1–10. Yonathani alifanya nini ili kuwapatanisha Sauli na Daudi? Matokeo yalikuwa nini?

Yonathani alianza pale ambapo wengi wetu tungeanza. Alizungumza na baba yake kwa hekima, akamkumbusha mema ya Daudi. Sauli alisikia, akaapa kwa jina la BWANA kwamba Daudi hatauawa. Yonathani akamrudisha Daudi nyumbani, naye akawa mbele ya mfalme kama zamani. Bila shaka Yonathani alilala vizuri usiku ule.

Kisha ikaja vita, Daudi akashinda, na mkuki ukarushwa tena. Safari hii ulipiga ukuta.

Yonathani hakukosea kutaka amani. Lakini kisa hiki kinatufundisha tofauti kati ya kiapo na toba. Sauli aliapa, ila hakushughulikia wivu wake, wala hakuuweka mkuki mbali. Vivyo hivyo mtu anayempiga mwenzake huweza kulia, kupiga magoti, kununua kitenge kipya na kwenda kanisani Sabato mbili mfululizo. Kisha siku mbaya ikija, yanarudi yale yale.

Hapa kanisa limewahi kuumiza bila kukusudia. Wazee huwaita wote wawili, huwakalisha katika chumba kimoja, na kumwomba aliyeumizwa aeleze mbele ya aliyemuumiza. Akisema kweli, atailipia nyumbani. Akificha, wazee watadhani mambo ni madogo. Mathayo 18:15 hutumiwa kuhalalisha kikao hicho, lakini fungu hilo linamfundisha ndugu jinsi ya kumrejesha ndugu yake. Halimwamuru mtu aende peke yake mbele ya mkuki. Mwenye busara huona hatari na kujificha (Mit. 22:3). Daudi alifanya hivyo usiku ule ule, na mkewe Mikali akamteremsha dirishani.

Toba ya kweli inatofautianaje na majuto ya siku moja? Ni matunda gani yanapaswa kuonekana, na kwa muda gani, kabla rafiki hajashauri kurudi?

JUMANNE: Yonathani Anajifunza Kusikiliza

Soma 1 Samweli 20:1–4 na Mithali 18:13. Jibu la kwanza la Yonathani lilikuwa nini? Jibu lake la pili lilikuwa nini?

Daudi alikuja akiwa amechoka na kuogopa. Yonathani alimjibu mara moja kwamba jambo hilo haliwezekani. Baba yake hafanyi neno, kubwa wala dogo, bila kumjulisha. Yonathani hakuwa mwongo. Alisema kile alichokijua. Lakini Sauli aliyekaa na Yonathani hakuwa Sauli aliyekaa na Daudi.

Ndivyo ilivyo mara nyingi. Mume mkali nyumbani huweza kuwa mpole kanisani, mwalimu mzuri wa darasa, mkarimu kwa wageni. Rafiki anaposikia habari zake, ulimi humponyoka: "Yule? Hapana, labda umemwelewa vibaya." Waswahili husema siri ya mtungi iulize kata. Anayechota ndiye anayejua kilichomo.

Daudi hakukasirika. Alieleza tena, kwamba Sauli anamficha Yonathani makusudi kwa kuwa anajua urafiki wao, na kwamba kati yake na mauti ni hatua moja tu. Hapo ndipo Yonathani alipobadilika. Aliacha kumtetea baba yake, akajiweka tayari kufanya lolote ambalo nafsi ya Daudi ingetaka.

Fungu letu la kukariri linabeba neno hilo. Yonathani, mwana wa mfalme, hakutoa amri. Alimwachia Daudi aseme anachohitaji. Mtu anayeishi chini ya mtu mwingine huamuliwa kila kitu: avae nini, aongee na nani, atumie shilingi ngapi. Rafiki akija naye na amri zake, hata zikiwa njema, amekuwa bwana wa pili. Akiambiwa, "Usipoondoka kesho usinipigie tena," mlango wake wa mwisho umefungwa.

Andika sentensi tatu ambazo rafiki anayeumizwa angehitaji kuzisikia kwanza. Kisha andika moja ambayo umewahi kuisema na ungependa usingeisema.

JUMATANO: Mishale Shambani

Soma 1 Samweli 20:18–42. Mpango wa Yonathani na Daudi ulikuwa na sehemu zipi?

Urafiki wa Yonathani haukuishia kwenye maombi na machozi. Walikubaliana mahali: karibu na jiwe la Ezeli. Walikubaliana siku. Walikubaliana ishara ambayo hata kijana aliyeokota mishale asingeielewa. Mishale ikiwa upande huu, njoo, kuna amani. Ikiwa mbele yako, nenda zako, kwa maana BWANA amekuruhusu uende. Kumbe kuna kuondoka ambako ni mlango uliofunguliwa na Mungu.

Hasira ya Sauli ilipanda kilele alipoona kiti cha Daudi kitupu. Alimtukana Yonathani, kisha akamrushia yeye mkuki. Wakati wa kuondoka ndio mara nyingi wenye hatari kubwa zaidi, na anayesaidia naye huweza kulengwa. Kwa hiyo msaada unahitaji mpango kuliko jazba.

Jiwe la Ezeli la leo laweza kuwa nyumba ya shangazi ambayo mume haifahamu. Mshale waweza kuwa ujumbe mfupi wenye maneno ya kawaida, kama vile kuomba kuazima mchele, ambao rafiki anajua maana yake ni "njoo sasa." Mfuko mdogo uliohifadhiwa kwa rafiki waweza kuwa na kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki, kadi ya bima, nauli na nguo za kubadili.

Soma 1 Samweli 22:6–19. Neno moja la Doegi lilileta hasara gani?

Doegi alisema kweli tupu: alimwona Daudi kwa Ahimeleki. Kwa kweli hiyo makuhani 85 walikufa siku moja. Habari ya mahali alipokimbilia rafiki si ombi la kupeleka kwenye kikundi cha maombi. Unaweza kumwombea bila kumtaja.

ALHAMISI: Kusamehe Si Kurudi

Soma 1 Samweli 24:8–22. Daudi alimtendeaje Sauli? Baada ya Sauli kulia, kila mmoja alikwenda wapi?

Pangoni huko En-gedi, Daudi alikuwa na nafasi ya kumuua Sauli, akaiacha. Hakulipa kisasi. Sauli aliinua sauti akalia, akakiri kwamba Daudi ni mwenye haki kuliko yeye. Kama kisa kingeishia hapo, wengi wangetaka Daudi arudi nyumbani siku ile ile. Lakini Sauli alikwenda nyumbani kwake, na Daudi na watu wake wakapanda ngomeni. Baadaye Sauli alimsihi arudi (1 Sam. 26:21). Daudi alimrudishia mkuki wake kwa mkono wa kijana, akaenda zake.

Daudi alisamehe, na hakurudi. Biblia haimlaumu kwa hilo. Anayemwambia rafiki yake, "Ungekuwa umesamehe kweli ungerudi," ameongeza mzigo ambao Mungu hakumtwika.

Soma 1 Samweli 23:14–18. Yonathani alikwenda kwa Daudi kufanya nini?

Alimfuata msituni huko Zifu akamtia nguvu mkono wake katika Mungu. Kisha Yonathani akaenda nyumbani kwake. Hakuweza kumaliza uhasama wa Sauli, wala hakujifanya mwokozi wa Daudi. Alifanya sehemu yake, na nyingine akamwachia BWANA.

Mrudie yule shemasi langoni. Hahitaji kujua kila kitu leo. Aweza kusema kwa sauti ya chini: "Dada, sikulazimishi useme. Ukisema, nitakuamini. Mlango wangu uko wazi hata usiku wa manane." Huenda dada atajibu kwamba aliteleza. Huenda atarudi kwa mumewe mara tatu, nne. Kila mara aukute mlango ukiwa wazi.

Utafanya nini ikiwa rafiki uliyemsaidia kuondoka amerudi tena kule kule?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Kumsaidia aliyeumizwa si kuivunja ndoa. Ndoa huvunjwa na mkuki. Waefeso 5:25–29 inamtaka mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe, na Malaki 2:16 inaonesha kwamba Mungu anachukia ukatili ndani ya ndoa.

Mwaka 2009 kanisa letu, kupitia ADRA na Idara ya Huduma za Wanawake, lilianzisha kampeni ya enditnow ya kukomesha ukatili, na Sabato ya nne ya mwezi Agosti imetengwa kwa ajili ya mafundisho hayo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na aliyejeruhiwa hupewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Baadhi ya hospitali zina Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Ikiwa mtoto anaumizwa, usingoje: piga 116, simu ya bure kwa ajili ya watoto. Maisha yakiwa hatarini, siri haifungi mkono wa kuomba msaada.

Maswali ya Kujadili:

1. Yonathani alimheshimu baba yake bila kuufunika uovu wake. Tunawezaje kumsaidia pia yule anayeumiza wengine, bila kumhatarisha anayeumizwa?

2. Methali husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Je, katika kanisa lenu mtu aliyeondoka usiku na watoto wawili angelala wapi? Nani angemlipia nauli? Jadilini hadi mpate jibu lenye jina la nyumba na kiasi cha fedha.

3. Ni misemo gani ya wakubwa wetu kuhusu uvumilivu katika ndoa inayojenga, na ni ipi inayomrudisha mtu kwenye mkuki?

4. Huenda mmoja katika darasa hili ndiye anayeishi karibu na mkuki leo. Jadilini somo hili kwa namna ambayo, mtakapofunga kwa maombi, atajua ni nani wa kumwendea.